Tupeane uzoefu: almasi ya pete yako uliichaguaje?

Wadau habari zenu. Naomba hapa tusimuliane jinsi kila mtu alivyochagua almasi yake, aliyepatia na aliyeumia wote waje, maana wengi wetu tunanunua mara moja tu maishani na wa kumuuliza kabla hela haijatoka hayupo.

Naanza mimi. Nilipokua natafuta pete ya uchumba akili yangu yote ilikua kwenye karati, nataka 1 kamili, mengine sikuuliza. Nikapata kweli 1. Baadae shemeji yangu kavaa ya 0.90, wakaweka mikono pamoja dirishani na mke wangu, ile ya 0.90 ikaonekana kubwa na inawaka, yetu katikati ina giza kama tundu. Iliniuma sana. Nikaenda kwa sonara akapima, yangu upana milimita 6.1, ya shemeji 6.2, wakati jiwe la duara la karati 1 likikatwa vizuri linakaribia 6.5. Akaniambia aliyekata aliacha uzito wote chini tumboni ili lifike 1, sasa likiwa na kina kupita kiasi mwanga unavujia chini badala ya kurudi juu kwenye jicho. Karati ni uzito jamani, gramu 0.2 basi, haikuambii jiwe litaonekana vipi. Siku hizi ndugu akiniuliza namwambia anza na mkato, ukataji uwe daraja la juu kabisa, ndo uje kwenye uzito.

DadaPendo
Pole kaka. Mimi kilichoniokoa ni mama mkubwa, aliniambia usinunue jiwe chini ya zile taa zao za darini, zile hata kioo kinameta. Nikaomba nisogee nalo mlangoni kwenye kivuli, mawe matatu, mawili yakapoa palepale yakawa kama maji ya jana, moja likaendelea kucheza cheche. Nikachukua hilo hilo na rangi yake wala haikua ya juu, ni J. Nimeliweka kwenye dhahabu ya njano, ule unjano kidogo hauonekani kabisa, ila mnaotaka dhahabu nyeupe pandeni juu kidogo, G au H. Ukitaka kuona rangi vizuri ligeuze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe ulitazame kwa ubavu, kwa juu mng'ao unakudanganya macho.

MtuWaPwani
Swali, kwanini rangi zinaanza na D, A B C ziko wapi?

FundiMkimya
@MtuWaPwani zamani kila muuzaji alikua na A zake, AA, AAA, vurugu tupu, GIA, ile taasisi ya Marekani ya kupima vito, walipotengeneza kipimo chao wakaamua waanze na herufi ambayo haijachafuliwa. D haina rangi, inashuka mpaka Z.

Sasa kisa changu ni cha cheti. Niliuziwa jiwe na karatasi inasema VS1, yaani dosari za ndani ni ndogo sana, karatasi yenyewe ameitoa muuzaji mwenyewe, nikaona poa tu. Mwaka uliofuata nataka kupanua pete, fundi kabla hajawasha moto akalitazama kwa lenzi ya mara 10, akaniita nione, akawa analigeuza taratibu na ndani kuna mstari unamulika zambarau halafu chungwa. Ni ufa umejazwa kioo. Angeweka moto ile kioo ingeharibika na ufa wote ungekaa wazi. Na jiwe lililojazwa hivyo GIA hawalipangii daraja kabisa, ndo maana lilikuja na karatasi ya nyumbani. Muuzaji hakunirudishia kitu. Kwaiyo cheti kitoke maabara isiyouza mawe, halafu mawe mengi yana namba ya cheti imechongwa kwa leza pembeni kiunoni, omba lenzi uisome mwenyewe, uilinganishe na karatasi, kisha uiangalie kwenye tovuti ya hiyo maabara kabla hujalipa.

Binti_Mwezi
Mimi yangu imetengenezwa maabara, haikuchimbwa, na naipenda, nilijua toka mwanzo. Ni almasi kweli, kaboni ileile, ugumu uleule, ila ukitaka kuuza baadae utaumia maana bei zake zimeshuka mno. Kinachoniudhi ni wanaoficha. Na ile kalamu ya kupima almasi kwa joto msiitegemee, haitofautishi ya maabara na ya ardhini, na moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, inapita vizuri tu. Moisanaiti liinamishe kwenye lenzi, kingo za nyuma utaziona mbilimbili.

Mama_Wawili
Naongeza moja, kucha. Mlihangaika na jiwe wee mkasahau kinacholishika. Yangu ilikua inakwama kwenye sweta nikapuuza, kumbe kucha moja imeinuka, nikalikuta jiwe kwenye shuka asubuhi kwa bahati ya Mungu tu. Sasa kila nikiiosha, maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini kwasababu almasi inashika mafuta haraka, naipeleka karibu na sikio naigonga kidogo kwa kidole. Ikilia tiki tiki siivai, inaenda kwa fundi siku hiyohiyo.