Unawekaje kikombe cha chai juu ya barua ya marehemu babu yangu?!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka pale sasa hivi, hata daladala sijapanda.

Jina silitaji, mnamjua. Yeyote aliyewahi kupeleka karatasi ya zamani ikatunzwe hapa Mwanza anamjua: miwani kwenye paji la uso, funguo kiunoni kama askari jela, na kikombe. KIKOMBE.

Bibi katuachia sanduku la bati. Ndani kuna barua za babu, alikuwa karani wa chama cha msingi cha pamba. Nusu ni za kazi, nusu alikuwa anamwandikia bibi akiwa Nansio, Ukerewe. Stempu bado zipo, zile za Malkia zilizoandikwa Kenya Uganda Tanganyika. Na huyo mtu NDIYE aliyeniomba nizilete! Eti zitatunzwa, wajukuu wa wajukuu watazisoma. Nikazifunga kwenye khanga ya bibi, nikazipakata toka Igoma kama kichanga cha siku tatu.

Barua ya juu kabisa ni ya 1956, inakwenda kwa viongozi wa Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika vya pamba. Mnajua habari ya pamba ya Usukuma: mkulima anapunjwa kwenye mizani ya mnunuzi, kina Paul Bomani wakakusanya watu, 1955 Federation ikasimama. Na TANU ilikuwa imezuiwa kwetu toka 1954 hadi 1958, kwa hiyo ushirika ndio ulikuwa mdomo wa mkulima. Babu alikuwemo humo. Mwandiko wake, wino wa bluu: "Ama baada ya salamu, mizani ya hapa inakula ratili."

Nimempa shikamoo, marahaba kaitikia huku anapokea simu. Anaongea, anacheka, kakinyanyua kikombe chake cha chai ya rangi, kimejaa hadi kinamwagika pembeni, akakitua JUU YA BARUA. Meza ina ukubwa wa uwanja wa Kirumba! Nafasi kila upande! Yeye kaona kisosi ni babu yangu!

Nikamwambia, "Mzee wangu, kikombe." Kaninyooshea kidole nisubiri. Kaongea na ile simu mpaka ziwa lingekauka. Alipokinyanyua kuna duara la kahawia, bichi, limekaa juu ya neno "mizani" kama muhuri. Wino ukaanza kutembea naangalia kwa macho yangu: "mi" imebaki, "zani" imekuwa ukungu. Halafu akaifuta kwa kiganja! "Si karatasi tu hii, bwana mdogo, utatoa kopi."

Kopi ya nini? Ya duara?

Nimekusanya khanga yangu nimeondoka. Mmisionari Alexander Mackay aliandika barua toka Usambiro, kusini mwa ziwa hilihili, mpaka akafia pale 1890. Barua za wamisionari wale wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana, leo ziko Birmingham, Uingereza, na kwenye vyumba vya kusomea nyaraka za namna ile kalamu ya wino unaiacha mlangoni, unaandika kwa penseli. Kalamu tu inaogopwa! Ya babu yangu imetoka Igoma kuja mjini, imenyweshwa chai.

Kikombe. Juu ya barua.

Mwana wa Igogo: Uzi bila picha haujakamilika. Tuone hilo duara.

Sato Mbichi: Pole sana mkuu. Ila na wewe umekaa umemtazama mpaka simu inaisha? Kikombe si kina mkono? Ungekitoa!

Mjukuu wa Karani (mleta uzi): Ni mtu mzima yule, @Sato. Ningemnyang'anya kikombe mkononi mngeniita sina adabu.

Sato Mbichi: Basi adabu imeinywesha barua chai.

Binti Nansio: Mleta uzi usianike juani, jua linafifisha wino. Iweke katikati ya karatasi nyeupe zinazonyonya maji, kivulini, uzibadilishe zikilowa. Na kama kuna pini zilizoota kutu zitoe polepole, kutu inakula karatasi.

Mwana wa Igogo: Semina imeanza, posho ni shilingi ngapi?

Mzee wa Kishiri: Huyo mtu namjua vizuri sana! Mimi nilipeleka barua za baba za jeshini, zimerudi stempu zote zimekatwa kwa mkasi. Bahasha zina madirisha.

Mjukuu wa Karani (mleta uzi): MNAONA! Na kikombe alikuwa nacho?

Mzee wa Kishiri: Sikuangalia kikombe mkuu, nilikuwa naangalia madirisha.

Ng'ombe Hazeeki: Ndiyo maana vitu vyetu vinaenda mbali. Hans Cory, yule mtafiti wa enzi za mkoloni, alikaa hapahapa anaandika mila za Wasukuma, nyaraka zake ziko maktaba ya Chuo Kikuu, Dar. Kijana wa Magu akitaka kusoma habari za babu zake apande basi siku nzima.

Fundi Nyakato: Afadhali nyie mna barua. Mimi studio moja imepoteza picha zangu zote za harusi, wamenipa za watu wengine. Mke wangu kila mgeni akija ananiuliza huyu bibi harusi ni nani.

Sato Mbichi: 😂😂😂 @Fundi fungua uzi wako, huu hautoshi.

Mama Pacha: Jana nimenunua dagaa, nafungua kifungashio nakuta daftari la hesabu la mwanangu la muhula uliopita. Kapata sita ya kumi, aliniambia tisa!

Mwana wa Igogo: Dagaa wa wapi hao mama? Maana siku hizi tunauziwa mchanga.

Mama Pacha: Wa Ukerewe.

Ng'ombe Hazeeki: Wa Ukerewe hawana mchanga, wanaanikwa kwenye chanja. Hao ni wa kuanikwa chini, umeuziwa jina.

Mjukuu wa Karani (mleta uzi): Jamani, alikitua JUU YA BARUA. Wino ulikuwa unatembea.

Binti Nansio: @Ng'ombe Hazeeki usiwasingizie watu. Hata kwetu wapo wanaoanika chini, uliza bibi zako.

Fundi Nyakato: Dagaa ni wa Goziba, hao wengine wanajaribu. Nani yuko Mwaloni asubuhi aniangalizie bei ya debe?

Mama Pacha: Mimi nitakuwepo saa kumi na mbili. Njoo na mfuko wako.