Kwaya ya watu 11, tuimbe nini cha kisasa?

Mwalimu_mgeni: Habari zenu. Nimekabidhiwa kwaya ya kanisa, tuko 11 tu, sauti ya kwanza watano, alto (sauti ya pili ya wanawake) watatu, besi wawili na tena (sauti ya juu ya wanaume) mmoja ambaye akipata mafua basi tena hakuna. Wanaosoma nota ni wawili nikijihesabu, wengine wote wanashika kwa sikio. Vitabu vya zamani tumeimba mpaka kurasa zinachomoka so nikataka kitu cha watunzi wa karibuni, nikaona The Lamb ya John Tavener, yule Mwingereza, ni fupi halafu polepole, nikajua wiki mbili tumemaliza. Wiki ya tano bado tunatafutana! Nimekosea wapi?

Besi_kavu: Pole sana, hiyo ya 1982 imetuponza wengi haha. Angalia, sauti ya kwanza wakishaimba peke yao alto wanaingia na melodi ileile iliyopinduliwa, wenzao wakipanda wao wanashuka, kwa hiyo zinagongana na ni makusudi, na kinanda hakuna. Mtu wa kushika kwa sikio anamtegemea jirani, sasa hapo jirani ndo anampoteza. Polepole sio rahisi. Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia, pia hivyohivyo, nota chache lakini ndefu, pumzi ikiisha na sauti inashuka na kila mtu kanisani anasikia.

altoNo3: Jaribuni za Taizé, ile jumuiya ya Ufaransa. Nyingi alitunga Jacques Berthier kwa ajili ya watu wa lugha tofauti wanaokutana pale bila mazoezi marefu, kwa hiyo ni kiitikio kifupi kinarudiwarudiwa, mmoja wenu mwenye sauti nzuri anaimba beti juu yake. Chagua zile za kufukuzana, kundi moja linaanza lingine linafuata na wimbo uleule, watu wote wanajifunza mstari mmoja tu ila kanisani inasikika kama sauti tatu. Tena wako akiumwa hakuna atakayejua. Ila msirudie mara mbili mkakaa, haijachemka hiyo.

Kinanda_tu: Taizé sawa lakini mwaka mzima watalala jamani. Mi ningetafuta zilizoandikwa sauti tatu, wanaume wote mstari mmoja, ukague usipande sana maana besi watakaa kimya tu huku midomo inacheza. John Rutter, mtunzi wa Uingereza, naye ana za sauti mbili, melodi inakaa kichwani haraka, shida iko kwa mpiga kinanda, hapo kuna kazi kwelikweli. Na kama unawaandikia kwa solfa (doh, re, mi) angalia kwanza doh inahama mara ngapi, yaani wimbo unabadilisha ufunguo, nyimbo za sasa zinahamahama, ikizidi mara mbili mi naachana nao. Halafu mtunzi akiwa hai kopi zinanunuliwa, sio nakala moja mnapiga picha kwa simu 😅

Mwalimu_mgeni: Hiyo ya simu umenishika, naagiza nakala 11. The Lamb naweka kabatini. Kinanda_tu, mpigaji wetu ni mimi na mkono wa kushoto ni mzito, kwa hiyo Rutter asubiri. Jumamosi tunaanza na ya kufukuzana, yule tena wetu nitamweka kundi la pili asimame katikati ya alto.

Besi_kavu: Muulize kwanza kama mafua yamepona