Star Trek ya 1966–1969: mtazamaji mgeni aanze na kipindi kipi?

Mlinzi_wa_Zamu: Wadau, mdogo wangu ameniomba nimchagulie kipindi kimoja tu kati ya vile 79 vya Star Trek ya kwanza, tamthilia ya televisheni ya safari za anga za juu, iliyorushwa na NBC ya Marekani kuanzia Septemba 1966 hadi Juni 1969, ili aamue kama ataendelea nayo. Nimebakiza vitatu, vyote vya msimu wa kwanza: “The City on the Edge of Forever”, “Balance of Terror” na “The Devil in the Dark”. Mimi naegemea hicho cha kwanza, kwa kuwa sijaona kingine kinachomtaka Kirk, nahodha wa meli ya angani Enterprise, alipe gharama kubwa kiasi kile. Naomba ushauri wenye sababu.

BintiMvita: Ndugu Mlinzi, “City” ni kizuri mno, na tuzo ya Hugo ya 1968, ile ya hadithi za kisayansi, kilistahili. Hata hivyo, Kirk anapomzuia McCoy, daktari wa meli, asimwokoe barabarani Edith Keeler, mwanamke ambaye Kirk anampenda, ili historia isibadilike, uchungu wa tendo lile unamfikia zaidi mtu ambaye amekwisha kumzoea Kirk kama nahodha asiyekubali kumpoteza yeyote. Mgeni ataona mapenzi yaliyokatizwa, basi.

Mwanzishie “The Devil in the Dark”. Wachimba madini wanauawa mmoja mmoja na kiumbe anayepenya mwambani, nasi tunaungana nao kumwinda, mpaka Spock, msaidizi wa Kirk asiye binadamu kamili na anayeweza kuhisi mawazo ya wengine, anapoweka mikono juu ya jeraha lake na kupaza sauti kwa maumivu yasiyo yake. Hapo ndipo inapobainika kwamba yale mawe ya mviringo waliyokuwa wakiyavunja, hata moja likawekwa mezani ofisini kama pambo, ni mayai, na kwamba Horta, yaani kiumbe yule, ni mama anayelinda wanawe. Najua umbo lake linaonekana wazi kuwa vazi lililovaliwa na mtu anayetambaa, lakini Nimoy, mwigizaji wa Spock, anaigiza uchungu ule kwa imani kubwa kiasi kwamba vazi linasahaulika.

Mwl_Ruvuma: Nakubaliana na dada kuhusu “City”, ila mimi ningechagua “Balance of Terror”. Kinaanza na harusi inayokatizwa na tahadhari ya vita, na bwana harusi ndiye mtu pekee anayepoteza maisha upande wa Enterprise. Katikati, Luteni Stiles anamshuku Spock kwa sababu tu sura yake inafanana na ya Waromulani, maadui wa kutoka sayari nyingine, naye Kirk anamkemea mbele ya wote. Isitoshe, kamanda wa Kiromulani, aliyeigizwa na Mark Lenard, amechoshwa na vita na anamheshimu Kirk; anapokataa kujisalimisha na kulipua meli yake mwenyewe, hatupati hata nafasi ya kushangilia.

Pwani_Yetu: Mbona hamtaji “The Changeling”? Uhura, afisa wa mawasiliano wa Enterprise, anafutwa kumbukumbu, na anapofundishwa kusoma upya anaingia kwenye Kiswahili. Kijana wetu atafurahi.

BintiMvita: Atafurahi kwa dakika moja, ndugu yangu, kisha atauliza inawezekanaje mtu aliyepoteza elimu yake yote arejeshewe haraka namna ile, na kipindi hakina jibu. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alistahili hadithi iliyotungwa vizuri kuliko hiyo.

Mlinzi_wa_Zamu: Nawashukuru. Hoja ya kumzoea Kirk kwanza imenishawishi, kwa hiyo “City” itasubiri. Kati ya viwili vilivyosalia nachukua “The Devil in the Dark”, kwa sababu katika “Balance of Terror” maadui wanaheshimiana lakini bado wanauana, ilhali wachimbaji na Horta wanafikia makubaliano: watoto wake watatoboa njia za chini kwa chini, nao watafuata nyuma wakichukua madini. Mdogo wangu anapenda hadithi ambamo watu hubadili msimamo baada ya kuelewa.

Mwl_Ruvuma: Chaguo jema. Cha pili kiwe “Balance of Terror”, tafadhali, na umtake atazame uso wa Stiles baada ya Spock kumwokoa.