Bustani ya nyumbani sehemu ya joto kali: ukuta wa magharibi unawaka, udongo mfinyanzi. Nianzie wapi?

UaniKijani

Wakuu habari zenu. Naomba mchango wa kupanga bustani ya nyumbani sehemu yenye joto mwaka mzima. Nimeweka vipimo vyote ili majibu yasiwe ya jumla jumla.

Eneo liko nyuma ya nyumba, upande wa magharibi. Kufuata ukuta wa nyumba ni mita 18, na kutoka ukutani hadi uzio ni mita 12. Madirisha ya vyumba viwili vya kulala yapo nusu ya kaskazini ya ukuta huo. Jua la jioni linaupiga moja kwa moja, na hadi saa tatu usiku ukiugusa bado una moto. Shimo la maji taka liko kona ya kusini, jirani na nyumba.

Udongo ni mfinyanzi, umekanyagwa na malori ya ujenzi, una mabaki ya saruji na kokoto. Mvua ikinyesha maji yanatuama kona ya kaskazini-magharibi, na kiangazi ardhi inapasuka. Bomba halitoi maji kila siku. Kuna tanki la lita 2,000 juu ya mnara wa mita 2.

Ninachotaka ni kivuli cha kukaa jioni, miti michache ya matunda, mboga za majani na maua. Nilifikiria mwembe katikati, mti wa mkungu karibu na madirisha, na ukoka kote kunakobaki. Miti ikae umbali gani? Udongo utibiwe vipi? Maji yatatosha?

KivuliKwanza

Karibu mkuu. Umeeleza vizuri, ila umeanza na mimea. Sehemu ya joto unaanza na jua, hasa jua la kuanzia saa nane mchana. La saa sita linapiga paa. La alasiri linaingia kwa ubavu, linapiga ukuta na madirisha, ukuta unahifadhi joto na kulitema usiku watu wakiwa wamelala.

Hesabu ni rahisi. Karibu na ikweta, siku ambazo jua linapita utosini, saa tisa alasiri liko nyuzi 45 juu ya upeo, saa kumi ni 30, saa kumi na moja ni 15. Chukua mti wa mita 5 uliopandwa mita 4 kutoka ukutani. Saa tisa kivuli chake kinafika mita 1 tu juu ya ukuta, saa kumi kinafika mita 2.7, na saa kumi na moja kinakaribia mita 4. Maana yake mti wa wastani ukiwa mita 4 unatosha kabisa kufunika dirisha kwenye saa mbaya zaidi. Huhitaji jitu la mita 15 lililobanwa ukutani.

Kwa hiyo mkungu uondoe kwenye orodha. Matawi yake yanatanda mlalo, mizizi inainua sakafu na kutafuta mabomba, na majani mapana yanaziba mifereji ya paa. Mbele ya madirisha panda mstafeli na mpera, mita 4 kutoka ukutani, mita 4 hadi 5 kati ya mti na mti. Yote miwili haipukutishi majani kwa mkupuo, na kwa kupogoa inabaki mita 4 au 5.

Jambo ambalo wengi hawalioni: jua likishuka sana linapenya chini ya matawi. Mti ambao matawi yake yanaanzia mita 2, saa kumi na moja unaruhusu jua kupiga karibu mita 1 ya chini ya ukuta. Hapo chini weka vichaka vya mita 1.5, kama haibiskasi au mkrotoni, upande wa magharibi wa mashina.

Mwembe unafaa, lakini si katikati kwa sababu tu katikati ni pazuri. Uweke mita 8 kutoka nyumbani na kama mita 10 kutoka mpaka wa kaskazini, hapo unakuwa mbali na shimo la maji taka. Nunua mche uliobebeshwa (uliounganishwa kwenye shina la mwembe mwingine) na uupogoe kila baada ya mavuno ubaki mita 4 hadi 5. Ukiuachia, baada ya miaka kadhaa mwavuli wake unapita mita 10 na eneo lako lote limekwisha. Sehemu ya kukaa iwe mashariki ya mwembe, mita 3 hadi 5 kutoka shinani, kwa kuwa kivuli cha jioni kinaangukia mashariki. Usiisakafie kwa zege, inageuka kuwa ukuta wa pili unaotunza joto. Tumia kokoto au matofali yaliyopangwa juu ya mchanga, mvua ipate pa kuzama.

ShimoPana

Nikazie udongo, maana bustani nyingi za nyumba mpya zinafia hapo, halafu lawama anapewa muuza miche.

Kwanza pima jinsi maji yanavyozama. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, jaza maji, yaache yaishe yote, kisha jaza tena na upime yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka sentimita 2.5 au zaidi uko salama. Chini ya sentimita 1, mpapai, mparachichi na jamii ya malimau itaoza mizizi, hiyo panda juu ya tuta la sentimita 30 hadi 40 lenye upana wa mita 1 na zaidi. Rudia kipimo sehemu tatu, hasa ile kona inayotuama.

Pili, saruji. Okota mabaki yote, usiyafukie. Chokaa iliyomo inapunguza uchachu wa udongo na kuusogeza upande wa alkali, mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma. Dalili ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Iksora (kichaka cha maua) iliyopandwa kando ya msingi wa nyumba ndiyo inayoonyesha mapema kuliko zote. Ukidondosha siki kwenye udongo mkavu ukatoa povu, chokaa ipo. Hapo ondoa sentimita 30 za juu kando ya ukuta na uweke udongo mwingine.

Tatu, vunja tabaka lililoshindiliwa kwa sururu hadi sentimita 40, udongo ukiwa na unyevu kiasi. Finyanga donge mkononi: likivunjika ukilibonyeza kwa kidole, chimba. Likinata na kuvutika, subiri siku chache, la sivyo unatengeneza matofali. Baada ya hapo changanya mboji, tabaka la sentimita 5 kwenye sentimita 20 za juu. Kwa tuta la mita za mraba 10 hiyo ni nusu mita ya ujazo, yaani toroli 7 au 8 za lita 65.

UaniKijani

Nimeelewa, asanteni sana. Fundi mmoja ameshauri nimwage mchanga kwenye mfinyanzi ulainike, na kila shimo la mti lichimbwe mita 1 kwenda chini lijazwe samadi. Niendelee naye?

ShimoPana

Hapana kwa yote mawili. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi unajaza nafasi za hewa, ukikauka unakuwa mgumu kuliko mwanzo. Ili ubadilishe tabia ya udongo unahitaji mchanga mwingi kuliko mfinyanzi wenyewe, na hakuna anayefanya hivyo bustani nzima. Mboji ndiyo dawa, kila mwaka.

Shimo la kina lililojaa samadi ndani ya mfinyanzi ni bakuli: maji yanaingia na hayatoki. Samadi mbichi inaunguza mizizi, ikioza inasinyaa na mti unazama hadi shingo ya shina inafukiwa. Halafu mizizi inazunguka humo humo kwenye chakula, haitoki nje.

Chimba upana mara 2 hadi 3 ya kiriba (mfuko wa nailoni wa mche), kina kisizidi urefu wa udongo wa kiriba. Kwaruza kuta za shimo kwa uma wa bustani, jembe huzifanya nyororo na mizizi haipenyi. Chana kiriba chote na ukitoe. Mizizi ikiwa imejizungusha, ikate kwa kisu kikali sehemu 2 au 3 kuanzia juu hadi chini. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi pawe sawa na usawa wa ardhi au juu kidogo, na kwa mche uliobebeshwa kiungo kibaki angalau sentimita 15 juu ya udongo. Rudisha udongo ule ule, mwagilia lita 20 taratibu, ndipo uweke mboji juu, si ndani.

Matandazo sentimita 7 hadi 10, mduara wa mita 1, lakini acha sentimita 10 wazi kuzunguka shina. Yakigusa shina gome linaoza na mchwa wanapata njia. Kando ya msingi wa nyumba acha nusu mita bila matandazo kabisa.

MatoneTu

Swali la maji ndilo litakaloamua ukoka, kwa hiyo tufanye hesabu. Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Siku za joto kali ukoka unataka milimita 5 hivi kwa siku ubaki kijani. Kote kunakobaki kwako ni kama mita za mraba 120, hiyo ni lita 600 kila siku. Tanki linaisha siku ya nne asubuhi, na hujaoga.

Linganisha na mpango usio na ukoka mwingi. Matuta mawili ya mboga ya mita 4 kwa 1.2 yanataka lita 50 hadi 55 kwa siku, tuseme 385 kwa wiki. Miti 5 michanga, lita 20 mara mbili kwa wiki, ni 200. Vichaka 20, lita 5 mara mbili, ni 200. Jumla ni lita 785 kwa wiki. Sasa tanki lina maana. Kumbuka pia milimita 10 za mvua kwenye paa la mita za mraba 100 ni karibu lita 1,000, kwa hiyo mfereji wa paa na tanki la pili vina faida kuliko mche wowote utakaonunua.

Kuhusu mipira ya matone: mnara wa mita 2 unakupa shinikizo la baa 0.2 tu, pamoja na kidogo kutokana na kina cha maji ndani ya tanki. Vitoa matone vya kujirekebisha shinikizo havifunguki vizuri hapo, ulizia vya kawaida vya shinikizo dogo, lita 2 kwa saa. Mpira wa milimita 16, kila mstari usizidi mita 15, chujio la wavu kabla ya kila kitu. Mara moja kwa mwezi fungua miisho ya mipira utoe tope. Ukiona mmea mmoja umenyauka kwenye mstari wenye maji, karibu kila mara ni tundu limeziba.

Mwagilia alfajiri, kwa wingi na kwa nafasi. Kunyunyiza kidogo kila jioni kunalea mizizi ya juu juu, ambayo ndiyo ya kwanza kuungua. Na maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yasiende kwenye mfinyanzi, sodiamu inatawanya chembe zake na udongo unaziba zaidi.

Mama Mchaichai

Nimefurahi hakuna aliyekuambia ukimbilie maua. Mimi naongeza mimea yenyewe, mwanangu, kwa mahali ilipopangwa.

Mstafeli na mpera vitachukua miaka 2 au 3 kutoa kivuli cha maana. Katikati yake panda milonge miwili au mipapai ya muda. Mlonge unaweza kufika mita 3 mwaka wa kwanza, ukate kwenye mita 1.5 uchipue matawi, kisha uung'oe miti ya kudumu ikikua. Mpapai panda miche 3 kwa kila tuta, ikitoa maua acha mmoja wa kike au wenye jinsia zote mbili, dume moja linatosha eneo zima. Usiupande kona inayotuama hata siku moja: maji yakisimama siku mbili mizizi imekwisha. Kona ile ipe magimbi, yanapenda.

Mboga ziende nusu ya kusini upande wa uzio, angalau mita 4 kutoka shimo la maji taka, penye jua kwa saa 6 kila siku. Mchicha, bamia na matembele hazihitaji kufunikwa. Giligilani na saladi zifunikwe kwa neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50, mita 2 juu ya tuta hewa ipite, la sivyo zinatoa maua kabla hujavuna. Nyanya panda msimu wa usiku wa baridi kidogo. Usiku joto likibaki juu ya nyuzi 24 chavua inaharibika na maua yanapukutika, wala si ukosefu wa mbolea. Ukikuta mizizi ya nyanya au bamia ina vinundu, ni minyoofundo, minyoo midogo sana ya udongoni. Lowesha tuta, lifunike kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6 za jua kali, kingo ukizifukia vizuri.

Bogenvilia ipe jua lote na maji machache. Ukiilisha mbolea ya naitrojeni na kuimwagilia kila siku itakupa majani na miiba tu. Chini ya mwembe ukoka hautakubali, panda manjano, tangawizi na kangaga. Mchaichai uende ukingoni mwa matuta, sentimita 60 hadi 90 kati ya shina na shina. Vyungu vyeusi usiviweke kwenye jua la alasiri, mizizi inachemka. Visahani vya vyungu vimwage kila wiki, mbu wanahitaji siku 7 hadi 10 tu kutoka yai hadi kuruka.

UaniKijani

Hesabu ya maji imenifungua macho. Ukoka naupunguza ubaki mita za mraba 20 pale pa kukaa. Juu ya shimo la maji taka je, pabaki patupu?

MatoneTu

Ukoka huo huo ufike hapo juu, au asumini na mirehani, mizizi yake ni mifupi. Mti wowote ukae mita 5 kutoka hapo, mwembe 6. Mboga usipande kabisa juu yake, na mfuniko uache wazi gari la kunyonya liweze kufika. Na ukoka pale pa kukaa uuweke upande unaopata jua kwa saa 6 kila siku, sio chini ya matawi. Miti yote ipandwe mvua zinapoanza, neti na mipira ya matone vifungwe kabla ya miche kuletwa.