Kuratibu warsha na mafunzo kwenye mkutano wa kompyuta: tarehe, vyumba, mtandao na makala

kamati_ndogo

Wakuu, habari za kazi. Nimekabidhiwa upande wa warsha na mafunzo katika mkutano wa kitaaluma wa sayansi ya kompyuta utakaofanyika Dar es Salaam mwishoni mwa Novemba mwakani. Mkutano mkuu ni siku mbili, na siku moja kabla yake imeachwa kwa warsha na mafunzo tu. Tunategemea watu kama 180. Tuna vyumba vitatu vya pembeni, na hoteli inasema kila kimoja kinachukua watu 80.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Wito wa mapendekezo utoke lini, na tuchuje vipi? (Tayari vikundi viwili vimetugongea mlango, vyote vinataka warsha ya lugha za Kiafrika na akili unde.) Pili, kuna mafunzo ya vitendo ya nusu siku juu ya kutambua usemi wa Kiswahili: watu 40, kila mmoja na laptopu yake. Mtandao tuuandaeje? Tatu, makala za warsha zichapwe wapi?

saa_tisa_alasiri

Mkuu, tarehe zako zipangwe na viza pamoja na nauli, mengine yafuate. Mwandishi hawezi kuomba fedha chuoni kwake bila barua ya kukubaliwa makala, na bila fedha hawezi kuomba viza. Ukitoa majibu wiki tano kabla ya mkutano, umeshawafungia nje walio mbali. Mimi huweka wiki 11.

Kutoka hapo rudi nyuma. Makala za warsha zipokelewe mpaka wiki 16 kabla, na hakikisha mkutano mkuu umeshatoa majibu yake wiki moja au mbili kabla ya tarehe hiyo, ili makala iliyokosa nafasi kule ipate pa kwenda. Warsha zenyewe ziwe zimechaguliwa wiki 30 kabla. Kwa mkutano wa mwisho wa Novemba, hiyo ni mwisho wa Aprili. Wito wa mapendekezo basi utoke mwishoni mwa Februari na ukae wazi wiki sita, kisha kamati ipate wiki tatu za kuamua.

Pendekezo lisizidi kurasa mbili. Mada kila mtu anaijua kuiandika vizuri, kwa hiyo isikuzuzue. Angalia majina ya wahakiki ambao tayari wamekubali (wamekubali kweli, si "tutawaomba"), ratiba ya siku kwa dakika, idadi ya makala wanazotegemea na sababu ya makisio hayo. Kwa wale wawili wa lugha za Kiafrika, waambie waungane: mratibu kiongozi mmoja, orodha moja ya wahakiki, wiki moja ya kukubaliana. Wakishindwa, chukua wenye wahakiki tayari. Warsha mbili za mada moja siku moja zitagawana wasikilizaji walewale.

Hesabu ya wahakiki: makala 20 mara hakiki tatu ni hakiki 60. Usimpe mtu zaidi ya tatu, kwa hiyo unahitaji watu 20. Alika 30, maana theluthi watakaa kimya.

Kama mnatumia OpenReview (tovuti ya kupokea na kuhakiki makala), wito useme kwa herufi nzito kwamba kila mwandishi afungue akaunti mapema. Anayejisajili kwa barua pepe ya chuo hupita papo hapo. Anayetumia Gmail husubiri ukaguzi ambao unaweza kuchukua hadi wiki mbili. Kwetu wengi hutumia Gmail kwa sababu barua pepe ya chuo haifunguki. Wataanza kujisajili siku ya mwisho na kukwama.

Halafu suala la saa. Mikutano mingi hufunga kwa AoE ("Anywhere on Earth"), yaani saa za UTC-12, saa 12 nyuma ya saa za kimataifa (UTC). Saa 23:59 ya huko, kwetu ni siku inayofuata saa 8:59 mchana. Andikeni hivyo hivyo kwenye wito, pamoja na UTC. Na kwenye ratiba msiandike "saa 3:00" peke yake: mgeni wa Accra atakuja alasiri.

fundi_wa_ukumbi

Nijibu la mafunzo, maana ndipo siku huharibika.

Wakufunzi hupenda kuandika "washiriki watapakua mazingira ya kazi ukumbini". Piga hesabu. Gigabaiti 2 mara watu 40 ni gigabaiti 80. Laini ya megabiti 50 kwa sekunde, ikiwa yenu peke yenu na haina mtu mwingine, inahitaji saa tatu na nusu. Mafunzo yenyewe yatakuwa yamekwisha.

Kwa hiyo tumeni maelekezo ya kusakinisha siku kumi kabla, na kipande kifupi cha msimbo ambacho kikikamilika kinaandika "tayari". Mshiriki atume picha ya skrini, asiyetuma mpigieni. Wanaotumia Linux watajiwe waziwazi toleo la PyTorch (maktaba ya kufunza modeli) la CPU, yaani kichakataji cha kawaida, la sivyo pip, programu ya kusakinisha, itaburuta na maktaba za CUDA za kadi za NVIDIA, gigabaiti kadhaa za kitu ambacho laptopu zao hazitumii. Kila kitu pia kiwe kwenye flashi: angalau moja kwa kila watu wanne, ya USB 3.

Seva ndogo ukumbini ya kugawa mafaili hayo ni nzuri zaidi, ila Wi-Fi ya hoteli kwa kawaida huzuia vifaa kuonana. Utawasha seva, kila mtu ataona intaneti, na hakuna atakayeiona seva yako. Njooni na ruta yenu. Hapo nako angalia anwani za IP, namba ambayo kila kifaa hupewa mtandaoni: ruta ya kawaida hugawa zisizozidi 253, na kila mtu ana simu na laptopu. Kwa watu 40 hakuna shida. Kwa ukumbi mkuu wa watu 180 zitakwisha, na atakayechelewa ataambiwa "hakuna intaneti" wakati mwenzake pembeni anaangalia video. Waambie mafundi wa hoteli wapanue wigo wa anwani na wafupishe muda ambao kifaa hushikilia anwani uwe saa moja.

Kingine: watu wote 40 hutoka nje kwa anwani moja ya IP. API ya GitHub, mlango ambao programu hupitia kuchukua vitu kwenye hifadhi hiyo ya msimbo, huruhusu maombi 60 tu kwa saa kwa anwani isiyojitambulisha. Msimbo uliofanya kazi vizuri ofisini utakataa mbele ya darasa, na mkufunzi ataulaumu mtandao.

Kwa mada yenu, tumieni modeli ndogo kabisa ya Whisper (modeli za OpenAI za kugeuza usemi kuwa maandishi), yenye vigezo milioni 39, na kipande kidogo cha data ya Kiswahili ya Common Voice, mkusanyo wa Mozilla wa sauti za waliojitolea. Leseni ya data hiyo ni CC0, yaani yeyote aitumie bila masharti ya hakimiliki. Msijaribu kufunza mpaka mwisho pale pale. Washiriki waanzishe mafunzo, waone hasara (kipimo cha makosa ya modeli) ikishuka kwa hatua kadhaa, kisha wapakie modeli mliyokwisha kuifunza. Colab, huduma ya Google ya kuendesha msimbo kwenye kivinjari, iwe akiba tu: GPU zake za bure (vichakataji vya kasi vya kufunzia modeli) hazina uhakika.

Umeme nao. Laptopu 40 za wati 65 ni wati 2,600. Projekta ya wati 300 inafikisha 2,900. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 inaishia 2,990. Kwa hiyo msichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni kutoka soketi moja ya ukutani. Ombeni saketi mbili tofauti. Na ulizeni birika la chai limechomekwa wapi. Birika la umeme la kilowati 2.5 likiwa kwenye saketi yenu, swichi itakatika saa nne na nusu kamili, kila mtu akiwa hajahifadhi kazi.

Wasaidizi: mmoja kwa kila watu kumi, na asiwe mkufunzi.

mhariri_msaidizi

Nakubaliana na fundi, ila niongeze kuhusu idadi ya watu chumbani. "Watu 80" ya hoteli ni viti vilivyopangwa kama sinema. Mkiweka meza za laptopu, chumba hicho hicho huchukua nusu yake. Nendeni mkapime, na mwombe mpangilio wa meza kwa maandishi.

Kuhusu makala: amueni kabla ya wito. Mhadhiri anayehitaji kupandishwa cheo anataka makala iliyochapwa. Mwanafunzi anayepanga kuipeleka jarida anataka isichapwe. Toeni njia zote mbili, mwandishi achague wakati wa kuwasilisha, si baada ya kukubaliwa. Akichapa kwenye warsha, mikutano mingi haitaipokea tena kama ilivyo.

Kwa warsha ndogo CEUR-WS, mfululizo wa mtandaoni wa makala za warsha, inafaa: haitozi ada, makala husomwa bure chini ya leseni ya CC BY 4.0 (yeyote aitumie akimtaja mwandishi), na mfululizo una namba ya utambulisho ISSN 1613-0073. Kinachochelewesha ni fomu za makubaliano zilizosainiwa, moja kwa kila makala, na siku hizi pia tamko la matumizi ya akili unde ndani ya makala. Zidai siku ya kupokea nakala ya mwisho. Mkusanyo ukibaki na fomu mbili hazijasainiwa baada ya watu kurudi makwao, utakaa miezi. Kama warsha ni ya lugha na imebebwa na mkutano wa familia ya ACL (chama cha watafiti wa lugha na kompyuta), makala huingia ACL Anthology, hifadhi yake ya makala. Mkutano wenu si wa familia hiyo, kwa hiyo msiiahidi.

kamati_ndogo

Asanteni sana. Mawili yamebaki. Siku ya warsha ianze na kuisha saa ngapi? Na tutoze ada tofauti ya mafunzo?

saa_tisa_alasiri

Saa 3:00 asubuhi hadi 11:30 jioni ni dakika 510. Toa chai mbili za dakika 30 na chakula cha saa moja, zinabaki 390. Wazungumzaji waalikwa wawili kwa dakika 40, makala nane kwa dakika 20 pamoja na maswali, mabango saa moja, mjadala dakika 45, ufunguzi na kufunga 15: jumla 360. Hizo 30 zilizobaki msizigawe. Warsha zote zinywe chai saa moja ileile, la sivyo watu hawahami vyumba.

Ada: mimi ningetoza kidogo, ili mtu asishike kiti kati ya 40 halafu asije.

mhariri_msaidizi

Hapo tunatofautiana. Malipo ya chuo cha serikali yanahitaji namba yake ya kumbukumbu, na kwa shilingi elfu ishirini mhasibu atakusumbua kuliko faida yake. Wekeni usajili wa siku ya warsha pekee kwa bei nafuu, kisha kiti cha mafunzo apewe aliyetuma picha ya skrini ya "tayari" aliyoisema fundi. Asiyetuma siku tatu kabla, kiti kiende kwa aliye kwenye foleni. Msamaha wa ada andikeni kwenye wito: mzungumzaji mmoja kwa kila warsha, wakufunzi wawili kwa kila mafunzo. Posho pia semeni mapema kama ipo au haipo.