Ngeli kwa S1 (kidato cha kwanza, Uganda): nianze na mifano au kanuni?

Kalamu_Mbale: Walimu wenzangu, Jumatatu naingia S1 kufundisha ngeli kwa mara ya kwanza. Mkuu wa idara anataka niandike kanuni ubaoni, kisha mazoezi. Mimi napenda niwape sentensi, wazichunguze, kanuni waitoe wenyewe. Ipi itawafaa?

Mama_Ubao: Wako wangapi? Kipindi dakika ngapi? Nyumbani wanasema lugha gani? Tukujibuje bila hayo, mwalimu?

Chaki_Nyeupe: Mifano kwanza! Mtaala mpya ulipoanza 2020 tuliambiwa tuache kukaririsha.

Fundi_Ngeli: Mifano, ndiyo, ila ichague kwa makini. Mimi niliandika: mtoto analia, mwalimu anafundisha, mgeni anakula. Nikauliza, mnaona nini? Wakajibu, "Neno likianza na m, kitenzi kinaanza na a." Nikawapigia makofi, kengele ikalia. Wiki iliyofuata nasahihisha insha: "mti anaanguka", "mkate anaiva", "mlima anaonekana". Karibu darasa zima! Wala hawakukosea kufikiri, kanuni yao ililingana kabisa na mifano yangu. Kuing'oa kulinichukua wiki mbili. Siku hizi naweka "mtoto anaanguka" kando ya "mti unaanguka", na "kijana anaanguka" kando ya "kiti kinaanguka". Hapo wanabishana mpaka mmoja anasema: aa, kumbe ni mtu au mnyama!

Kalamu_Mbale: Samahani, nilisahau. Wako 84, dakika 40. Wengi Lugisu, wachache Ateso.

Mama_Ubao: 84! Basi kanuni kwanza. Watakaosema ni watano wa mbele.

Chaki_Nyeupe: Wagawe wanne wanne, nnyabo. Tena wa Lugisu ngeli wanazo tayari vinywani, kama sisi wa Luganda: omuntu, abantu, ekintu, ebintu. Waanzie hapo.

Nyota_Gulu: Na hao wa Ateso? Kiacholi chetu pia si cha Kibantu. Ukianza na omuntu, mtoto wangu anajiona mgeni darasani. Hilo linaniuma.

Chaki_Nyeupe: Sikusema waachwe, ndugu. Wachanganye kwenye makundi.

Nyota_Gulu: Wakichanganywa, wa Kibantu wanajibu, wengine wananakili. Nimeyaona.

Fundi_Ngeli: Mpe kila mmoja kadi yake ya neno, asimame penye kundi lake. Hapo hakuna wa kunakili.

Kalamu_Mbale: Kadi 84? Mnatumia manila? Imepanda bei sana.

Mama_Ubao: Maboksi ya sabuni. Omba dukani, kata Jumamosi.