Nina TIN (namba ya mlipakodi) tangu Agosti, ndo mara ya kwanza kukadiriwa kodi. Pesa za uwakala nazo ni mauzo?

DadaMawese_Mwanga, 12 Machi 2024

Habari za humu ndugu zangu. Naomba msaada kwa anayejua haya mambo kwa kuyafanya, siyo kwa kusikia kijiweni. Nipo Kigoma mjini, Mwanga, nina fremu nauza mawese na dagaa na pale mlangoni nina meza ya uwakala wa miamala. TIN nilichukua mwezi wa nane mwaka jana, alinifanyia kijana wa stesheneri, nikapata leseni nikaendelea na biashara, sikuwaza tena.

Sasa juzi jirani yangu wa viazi kaniuliza umeshakadiriwa? Nikamwambia bado, akasema mwisho tarehe 31 mwezi huu. Mwingine akadakia hapana, ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) ni Juni. Nimeenda kwa yule kijana anasema nimpe 40,000 na paswedi anifanyie zote mbili.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Kwenye simu ya uwakala tangu Agosti mpaka Desemba zimepita kama milioni 60, watu wanaweka wanatoa. Pesa siyo zangu, mimi napata kamisheni ya kama 95,000 kwa mwezi. Nimesikia ukizidi milioni 11 unalipa asilimia 3.5 ya mauzo, nikapiga hesabu kwa hiyo 60 nikapata milioni 2 na laki moja. Mtaji wangu wote haufiki hapo, nikiambiwa hivyo nafunga duka siku hiyo hiyo.

Mauzo ya duka naandika kwenye kaunta buku kila jioni kabla sijafunga. Kurasa nyingine zimelowa mawese lakini namba zinasomeka. Nisaidieni, niende nikasemeje?

Mchuuzi_Kibirizi

Dada usijisumbue, biashara ndogo hawalipi. Chini ya milioni 4 ni sifuri. Wewe faida yako kwa mwaka inafika milioni 4? Haifiki. Kaa kimya mpaka wakufuate.

BabaAsali_Tbr

Kaka Kibirizi samahani, hapo unamwingiza dada yetu shimoni. Hiyo milioni 4 ni ya MAUZO siyo faida. Hata vile vitambulisho vya wajasiriamali vya 20,000 vilivyotoka mwishoni mwa 2018 vilikuwa vya watu wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, na milioni 4 kwa mwaka ni kama 11,000 kwa siku tu, mtu mwenye fremu Mwanga anauza mawese na dagaa anaipita bila hata kujua. Na kukaa kimya ndo kulikoniponza mimi. Nilikuwa na duka Tabora mjini, Ng'ambo, nikafunga 2019 nikahamia kwenye asali. Sikuandika barua, sikwenda kusema popote nimefunga, nikajua duka likifungwa na kodi imefungwa. Nimekuja kutaka cheti cha kutodaiwa kodi ili nipate leseni ya asali nakuta TIN ile ile ina madeni ya miaka ya duka ambalo halipo, kodi na adhabu na riba juu. Nilihangaika miezi, nikatafuta barua ya mwenyekiti wa mtaa, nikatafuta mwenye fremu wa zamani aandike kwamba nilitoka lini. Kwa hiyo dada nenda mapema, na siku ukifunga au ukihama sema kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Mhasibu_Ujiji

Dada Mawese pole, na hongera kwa hiyo kaunta buku, hiyo ndo itakayokuokoa. Nafanya hizi kazi kwa wafanyabiashara wadogo hapa Ujiji na Mwanga, ngoja niandike kwa urefu kidogo, soma mpaka mwisho.

Kwanza Machi na Juni, wote wawili hawajadanganya, wanaongelea vitu viwili. Mfanyabiashara mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka anakadiriwa kwa mauzo ghafi, hatakiwi kuandaa hesabu za kukaguliwa. Makadirio yanafanyika ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya mwaka, na kodi unaigawa mara nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba, 31 Desemba. Hiyo Juni ya jirani yako ni ya wale wenye kuandaa hesabu, ritani yao ya mwisho wanaipeleka ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Wewe shughulika na Machi. (Na wanaouza utaalamu, mfano washauri au makandarasi, hawaingii kwenye hili fungu letu hata wakiwa wadogo. Mwalimu au nesi anayekula mshahara tu, mwajiri anamkata huko huko.)

Pili viwango vya mwaka huu wa 2024, maana hapa watu wengi wanaibiwa na kutojua kwao. Kuna safu mbili, ya mwenye kumbukumbu na ya asiye na kumbukumbu. Mauzo ya milioni 4 mpaka 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000 kavu, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Milioni 7 mpaka 11, asiye na kumbukumbu 250,000, mwenye nazo 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kuanzia hapo mpaka milioni 100 ndo asilimia 3.5 ya mauzo yote, na ukishafika milioni 11 unatakiwa uwe na EFD, ile mashine ya kutolea risiti. Angalia mtu wa mauzo ya milioni 4 na laki 9. Akiwa na daftari analipa 27,000, hana daftari analipa 100,000. Biashara ile ile, mtaa ule ule.

Tatu uwakala. Zile milioni 60 ni pesa za wateja zinapita mkononi kwako, kama kondakta anavyomkusanyia mwenye gari nauli. Kipato chako pale ni KAMISHENI. Usiende na jumla ya miamala ukaitaja kama mauzo, nimeona mama mmoja kaulizwa unauza kiasi gani kwa siku, kajibu kwa fahari "hata laki tano zinapita", ikaandikwa hivyo. Nenda na taarifa ya kamisheni ya kila mwezi kutoka kwenye kampuni. Na kama kwenye kamisheni wanakukata kodi ya zuio (kodi inayokatwa kabla hujapewa hela yako), tunza hizo karatasi pia.

Sasa nitajie, mawese kwa mwezi wastani ngapi, dagaa ngapi? Tenganisha, nina sababu.

DadaMawese_Mwanga

Asante sana kaka yangu, Mungu akubariki, yaani nimesoma mara mbili. Nimekaa na daftari hapa. Mawese wastani 430,000 kwa mwezi. Dagaa 310,000. Kamisheni hiyo 95,000. Nikijumlisha zote mara 12 napata milioni 10 na 20,000.

Mhasibu_Ujiji

Ndo maana nilisema tenganisha. Dagaa usizidishe mara 12 dada. Mwaka huu wa 2024 Ziwa Tanganyika linafungwa kuvua kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu, utauza dagaa gani? Weka miezi 9.

Mawese 430,000 mara 12 ni 5,160,000. Dagaa 310,000 mara 9 ni 2,790,000. Kamisheni 95,000 mara 12 ni 1,140,000. Jumla 9,090,000. Umezidi milioni 7 kwa 2,090,000, asilimia 3 yake ni 62,700, jumlisha 90,000 unapata 152,700 kwa mwaka. Ukigawa kwa nne ni 38,175 kila awamu. Ungeenda na ile ya milioni 10 ungelipa 180,600, na bila daftari 250,000. Na kama umeweka stoo dagaa wa kuuza kipindi cha kufungwa basi waingize, useme ukweli, makadirio yanaweza kurekebishwa katikati ya mwaka mambo yakibadilika.

FundiSola_Kasulu

Naongezea la paswedi, dada yangu USIMPE. Mimi TIN yangu alinifungulia mtu wa stesheneri akaweka namba yake ya simu na imeili yake, kwa hiyo ujumbe wote wa kodi ulikuwa unaenda kwake, hata namba za siri za kuingilia zinaenda kwake, na yeye alishahama Kasulu. Mwaka mzima sikujua nadaiwa. Kitu cha kwanza ukifika ofisini mwambie ofisa akuonyeshe namba ya simu iliyoko kwenye akaunti yako. Kama siyo yako ibadilishwe kabla ya jambo lolote, beba namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. TIN yenyewe inatolewa bure, na kukadiriwa hakulipiwi. Ukimlipa mtu unamlipa kwa muda wake, na mkae wote mbele ya kompyuta. Halafu usimpe mtu keshi ya kodi, omba kontro namba (namba ya kulipia serikalini) ulipe mwenyewe benki au kwa simu, ujumbe wa malipo usifute.

BabaAsali_Tbr

Hapo kwenye simu umenena kaka.

Dada, na pango la fremu je? Hilo nalo huwa linawashtukiza wengi, wanajua wamemaliza kodi kumbe kuna ya pango.

DadaMawese_Mwanga

Fremu nalipa 50,000 kwa mwezi, nililipa mwaka mzima 600,000. Mkataba tuliandikishana kwa mwenyekiti. Kuna nini tena jamani?

Mhasibu_Ujiji

Mpangaji wa biashara anatakiwa akate asilimia 10 ya pango aipeleke TRA (mamlaka ya mapato) kama kodi ya zuio, mwenye fremu apewe iliyobaki. Kwako ni 60,000, yeye apokee 540,000. Hii kodi ni ya mwenye nyumba, wewe ni wa kuikata na kuifikisha tu. Shida wenye fremu wengi wanasema "mimi nataka hela yangu yote, hayo ya serikali yako", halafu mpangaji ndo anadaiwa maana ndo mwenye jukumu la kukata. Wengi wanaishia kulipa kutoka mfukoni mwao na inauma sana, nimeona mama lishe analia ofisini kwa jambo hili hili. Ongea naye kabla ya mkataba mwingine, iandikwe kabisa kwamba asilimia 10 inakatwa kwenye pango, na ukikata mpe ile karatasi ya kodi ya zuio maana na yeye itamsaidia kwenye hesabu zake. Mkataba wenyewe una ushuru wa stempu asilimia 1, yaani 6,000.

Na kingine, risiti na daftari unatakiwa utunze miaka mitano, yasiishie kufungia dagaa. Mawese unanunua kwa akina mama wa vijijini hawana risiti, najua. Andika tarehe, madumu mangapi, bei, jina la aliyekuuzia na kijiji, asaini au aweke dole gumba. Ukikadiriwa kiasi usichokubaliana nacho usigombane, una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, ila ujue utatakiwa kulipa kwanza kile usichobishania au theluthi moja ya kodi yote, kile kilicho kikubwa.

Mchuuzi_Kibirizi

Nimesoma yote. Nilikuwa nachanganya mauzo na faida miaka yote, nisamehe dada. Mimi TIN ninayo ya leseni ya udereva, hiyo nayo nakadiriwa?

Mhasibu_Ujiji

Hiyo imesajiliwa kama siyo ya biashara, haikadiriwi. Ila kwa kuwa unafanya biashara nenda ukaibadilishe iwe ya biashara, namba inabaki ile ile. Usichukue TIN ya pili.

DadaMawese_Mwanga, 21 Machi 2024

Ndugu zangu nimerudi. Nilienda jana asubuhi, nimevaa vizuri na daftari langu kwenye mfuko wa nailoni, moyo unadunda. Kweli kabisa kama fundi alivyosema, namba iliyokuwa kwenye akaunti ni ya yule kijana. Imebadilishwa, sasa hivi ujumbe unaingia kwangu.

Nilipoulizwa mauzo nikafungua daftari nikampa dada ofisa, nikampa na karatasi za kamisheni miezi yote. Alifunua ukurasa mmoja mmoja, ule ulioshikana kwa mafuta akaubandua taratibu na kucha, akauliza hii tarehe 14 mbona hakuna kitu, nikamwambia siku hiyo nilikuwa na msiba Simbo, sikufungua. Akaandika. Nikamweleza na kufungwa kwa ziwa. Imetoka 152,700 kama kaka wa Ujiji alivyopiga hapa. Nimelipa awamu ya kwanza 38,175 kwa simu nikiwa bado nimekaa kwenye benchi lao.

Kodi ya pango ya mwaka uliopita nimeambiwa nayo nadaiwa, nimeomba nilipe kidogo kidogo. Nimempigia mwenye fremu jana usiku, mwanzo alikuwa mkali, nikamsomea yale maneno ya hapa, akasema njoo Jumapili baada ya ibada tuongee na mzee mwenyekiti awepo. Kaka Mhasibu naomba unitumie mfano wa hicho kipengele cha asilimia 10 kinavyoandikwa kwenye mkataba, nikiprinti kesho nakuwa tayari.